Steringi hafi? Nimezirudia muvi za banda bila mtafsiri, sasa hizi za 2026 naziona vingine

#1 Mzee wa Mkekani

Wakuu, habari za jioni. Huu uzi nauandika vipande vipande tangu Krismasi. Mwenye haraka apite, mwenye nafasi avute kiti.

Mliokulia kwenye vibanda umiza vya video mnaijua sheria ya kwanza ya muvi: steringi, yaani mhusika mkuu, hafi. Unaingia umechelewa, unakuta jamaa kazingirwa na watu arobaini wenye bunduki, unauliza swali moja tu: "Huyu ndo steringi?" Ukiambiwa ndiye, unafungua karanga zako unatafuna kwa raha. Wa kuonewa huruma ni hao arobaini.

Mimi nimekulia Morogoro, Mji Mpya. Banda letu lilikuwa mabati upande huu, magunia upande ule, mabenchi ya mirunda, na runinga ya inchi 21 ndani ya sanduku la mbao lenye kufuli. Juu ya deki palitandikwa kitambaa cha kufuma, utadhani ni sebuleni kwa bibi harusi. Kiingilio cha watoto shilingi 50, na kwa hiyo 50 hupati benchi. Unakaa kwenye mkeka chini ya pua ya runinga, shingo juu kama kuku anayekunywa maji. Ndiyo maana jina langu humu ni hilo.

Hapo ndipo nilipomjua Arnold, Rambo, Bruce Lee, Van Damme na wale watawa wa Shaolin. Wote nimewajua kwa Kiswahili. Enzi hizo ni za mtafsiri Lufufu na wenzake waliomfuata, wanaongea Kiswahili juu ya muvi, na kwa akili yangu ya utoto niliamini Arnold ndivyo anavyoongea, anatania, anatukana kidogo, halafu anamtaja adui kwa jina la balozi wa nyumba kumi wa mtaa fulani.

Sasa Desemba iliyopita nilipata likizo ya wiki mbili. Nikajipa mradi: nazirudia zote, picha safi, bila mtafsiri, maandishi ya chini, kuanzia jina la kwanza mpaka majina ya mwisho yanayopanda. Nilitaka kupasha misuli maana 2026 kuna muvi nzito zimepangwa, nikasema nisiende ukumbini na macho ya uvivu.

Nikaanza na Commando ya 1985. Hapo sina malalamiko. Ile sehemu Arnold anamning'iniza yule kijamaa kwenye korongo kwa mkono mmoja, anamkumbusha kwamba alimwahidi kumuua wa mwisho, kisha anamwambia nilikudanganya na kumwachia, ipo vilevile nilivyoiona mkekani. Muvi nzima ni mtu kutafuta binti yake na kuua kisiwa. Mtafsiri hakuniongopea hata kidogo, hakukuwa na cha kuongopa.

Nikaweka 36th Chamber of Shaolin ya 1978. Hii imenishangaza kwa uzuri. Nilikuwa nakumbuka ngumi, kumbe karibu nusu ya muvi ni mafunzo tu. Gordon Liu anabeba ndoo za maji mikono kaitanua, kafungiwa visu kwenye mikono, akichoka akishusha mikono visu vinamchoma mbavu. Nimerudia hicho kipande mara tatu. Siku hizi mafunzo ya steringi ni dakika mbili na wimbo.

Halafu nikaweka Rambo ya kwanza, First Blood ya 1982. Wakuu, hii muvi sikuwahi kuiona. Nimeilipia banda zaidi ya mara kumi na sikuwahi kuiona.

Mwanzo kabisa Rambo anashuka kando ya ziwa na begi lake, ana uso wa mtu mwenye furaha. Kaja kumtafuta rafiki aliyepigana naye Vietnam. Anamkuta mama mmoja anaanika nguo, anamwonyesha picha ya kikosi. Mama anamwambia mwenzako alikufa, kansa, kwa ajili ya ile sumu iliyokuwa inamwagwa misituni huko. Anasema alikonda mpaka yeye mwenyewe alikuwa anaweza kumnyanyua kitandani. Rambo anasimama pale kati ya nguo mbichi, hana la kusema. Anageuka anaondoka.

Banda letu hatukuwahi kuonyeshwa hiyo. Mwenye banda alikuwa anapeleka mbele maongezi yote mpaka polisi wanapomkamata jamaa, maana watu wamelipia vurugu. Mwisho nao alikuwa anaukata. Yule mkuu wa polisi akishadondoka kutoka juu ya paa, deki inazimwa: "Haya nje, nje, wa saa kumi waingie."

Kumbe baada ya hapo Kanali Trautman, mkuu wake wa zamani jeshini, anaingia, na Rambo anakaa sakafuni analia. Simaanishi lile chozi moja la kishujaa. Analia kama mtoto aliyepotea sokoni, maneno yanagongana. Anasimulia rafiki yake mwingine, walikuwa baa Saigon, akaja mtoto na kisanduku cha kung'arishia viatu, kisanduku kina bomu. Rafiki anamwambia nataka kwenda nyumbani, na yeye anatafuta miguu ya mwenzake haioni. Na mkuu wa polisi hafi, anabebwa kwenye ambulensi. Kwenye kanda yetu mtafsiri alituambia Rambo kamaliza wilaya. Mimi safari hii nimemhesabu mmoja tu aliyekufa, yule askari wa kwenye helikopta, tena alifungua mkanda mwenyewe ili alenge vizuri.

Yaani mwanzo tulikatiwa, mwisho tulikatiwa, tukaachiwa katikati. Na katikati ya muvi yoyote ile steringi hafi.

Nikaenda kusoma habari zake. Riwaya ya David Morrell iliyozaa muvi hii, ya mwaka 1972, Rambo anakufa. Na kwenye muvi walishapiga picha mwisho wa Rambo kufa, wakawaonyesha watu wa majaribio, watu wakaukataa. Kwa hiyo hata Marekani kuna watu walikaa kwenye viti vya sponji wakasema kama sisi wa mkekani: hapana, huyu hafi. Ndiyo tukapata ya pili 1985 na kuendelea mpaka ya tano 2019. Na sasa inatengenezwa nyingine ya ujana wake huko Vietnam, mwongozaji Jalmari Helander yule wa Sisu, Rambo kijana ni Noah Centineo.

Nina mengine kuhusu hizi za 2026, hasa Avengers: Doomsday ya Marvel, na kuna kisa cha mjomba wangu aliyekuwa vita ya Kagera. Narudi. Nyie wekeni za kwenu.

#2 Chuma Chakavu

Nipo hapa nimekalia ndoo ya rangi, benchi limejaa.

Mkuu umetaja wote umemwacha Bolo. Bloodsport 1988, ile anatingisha kifua kimoja kimoja, banda zima tunajaribu, hakuna anayeweza. Mtaani kwetu Bolo ndiye aliyekuwa mtihani. Steringi akikutana na adui mwingine yeyote hatuna wasiwasi, akikutana na Bolo watu wanaacha kutafuna.

Halafu wenye mabanda walikuwa na dhambi nyingine: jenereta kuishiwa mafuta pigano la mwisho. Mpaka leo kuna muvi mbili sijui ziliishaje na sitaki kuambiwa.

#3 Bint Vuga

Assalaam alaykum wana jukwaa. Nyie wa bara mna mabanda, sie tulikuwa na sinema. Mie sikuziwahi, lakini bibi yangu kaniachia kumbukumbu zake zote. Majestic ipo Vuga pale pale jirani na kwetu. Bibi alikwenda na mashoga zake onyesho la wanawake watupu, mabuibui, ubani, na Awaara ya Raj Kapoor aliijua nyimbo zote bila kujua Kihindi. Alikuwa akiosha vyombo akiimba, na akifika pahala asipopajua anatia maneno yake mwenyewe. Naye ndo alikuwa mtafsiri wetu.

Sasa Mzee wa Mkekani, hiyo sheria yenu ya steringi hafi, wallahi Mhindi kaivunja zamani. Hujaona Sholay wewe?

Kwa asiyejua: ya 1975, Ramesh Sippy. Thakur, polisi mstaafu aliyekatwa mikono na jambazi Gabbar Singh, anawakodi wezi wawili, Jai na Veeru. Jai ni Amitabh, Veeru ni Dharmendra. Muvi nzima wakishindwa kuamua jambo Jai anarusha sarafu. Mwisho mmoja lazima abaki darajani awazuie majambazi, wanarusha, Jai ndo anabaki. Anakufa mikononi mwa mwenziwe. Ndipo Veeru anaitazama ile sarafu, anaigeuza, pande zote mbili zina kichwa. Siku zote alikuwa akimchagulia.

Mie nimeiona mara ya kwanza nina miaka tisa, nikamwuliza bibi, mbona steringi kafa? Akanambia, "Huyo hakufa, huyo kachagua." Nikalia hadi nikapewa togwa.

Na kuna kile kipande cha usiku, Jai kakaa kizingitini anapiga kinanda cha mdomo, na yule mjane Radha kule ng'ambo anapunguza taa moja baada ya moja. Hawasemezani. Yule Jaya anayecheza Radha ni mkewe Amitabh wa kweli, walishaoana 1973. Hakuna muvi mpya inayothubutu kukaa kimya hivyo.

Halafu mnajua kwamba mwisho tuliouzoea, wa polisi kuja kumkamata Gabbar, siwo wenyewe? Kule India kulikuwa na hali ya hatari 1975, wakaguzi wakakataa Thakur kumuua Gabbar, wakasema ipigwe upya, sheria ichukue mkondo. Mwaka jana imesafishwa, ikaonyeshwa Bologna Italia mwezi wa Juni na mwisho wake wa asili, na Desemba ikarudi kumbi za India. Dharmendra alifariki tarehe 24 Novemba. Hazikutimia wiki tatu kabla haijarudi.

#4 Jirani wa Likoni

Hamjambo ndugu zangu wa kusini. Mimi nimesoma uzi wote na nakubaliana na Mzee hadi pale alipomlaumu mtafsiri. Hapo hapana.

Huku kwetu tulisema "staring", lakini sheria ni hiyo hiyo. Nimekulia video za Likoni, mtu analipa bob kumi, na baadaye DJ Afro, mtafsiri wetu wa muvi, akatushika akili zote. Sasa nikuulize: wewe ukiitazama hiyo Commando bila DJ, ulicheka mara ngapi? Kweli? Mimi nilijaribu, nikazima baada ya nusu saa. Niliona tu mzungu mwenye misuli anatembea. DJ ndiye anayekwambia huyu jamaa ana deni, huyu ana bibi wawili, huyu anakufa sasa hivi na hajui. Hiyo ni muvi mpya juu ya muvi nyingine. Nyanya zetu walikuwa wanasimulia hadithi ya sungura kila mmoja kivyake, na hakuna aliyeuliza toleo halisi liko wapi.

Kosa ni la mwenye video aliyekata mwanzo na mwisho. Hilo nalia nawe. Lakini mtafsiri muache apumzike.

Kwa waliosahau kwamba sisi pia tunajua kufanya hizi vitu: tazameni Supa Modo, ya Likarion Wainaina, 2018. Msichana mdogo mgonjwa, anapenda Jackie Chan na mashujaa wenye nguvu, na kijiji kizima kinamtengenezea muvi yake ambayo yeye ndiye staring. Nyote mnajua kinachokuja tangu dakika ya kumi. Mimi nilikuwa na wanangu wawili, tukatoka pale hakuna anayetaka kuongea wa kwanza.

#5 Mzee wa Mkekani

Jirani, umenipiga pazuri. Nakiri, Commando nilicheka mara mbili, na zote ni pale nilipokumbuka alichosema mtafsiri. Naondoa lawama kwa mtafsiri, inabaki kwa mwenye banda.

Bint Vuga, Sholay niliiona utotoni, lakini kwenye banda letu Jai alipigwa risasi, na huyo huyo jamaa wa deki akapeleka mbele mazishi. Sarafu yenye vichwa viwili nimeisikia leo kutoka kwako. Nimekasirika upya.

Haya, 2026.

Avengers: Doomsday, tarehe 18 Desemba. Hii ndiyo iliyonifanya niuandike uzi. Mwaka 2019 mwisho wa Avengers: Endgame Tony Stark, yaani Iron Man wa Robert Downey Jr, anavaa yale mawe ya nguvu, anapiga kidole, anakufa. Ukumbini Mlimani City siku ile nilikaa jirani na kijana mmoja wa chuo, mkubwa tu, ana ndevu, akavua miwani akaanza kuifuta na shati, akaifuta mpaka taa zikawaka. Miaka kumi na moja tangu Iron Man ya kwanza ya 2008, na yeye bila shaka alianza akiwa mtoto. Steringi kafa, kafa kweli, na tukakubali.

Julai 2024 kule San Diego kwenye Comic-Con jukwaani akatokea mtu kavaa joho la kijani na barakoa, akaivua, Robert Downey Jr. Safari hii ndiye Doctor Doom. Yaani steringi aliyekufa karudi kuwa adui. Wenzangu waliruka. Mimi pia niliruka, sitajifanya. Lakini nilipotulia nikajiuliza yule kijana wa miwani alikuwa anafuta nini.

Mtaniambia ni mhusika mwingine, nguo nyingine, jina lingine. Sawa. Uso ni ule ule, na wanajua tunakwenda kuutazama uso. Halafu kitrela cha kwanza kinamrudisha Steve Rogers, yule Captain America, kashika mtoto mchanga. Yule tulimwaga akiwa mzee kwenye benchi! Siku hizi steringi hafi hata akifa.

Nitakwenda? Nitakwenda. Siku ya kwanza. Sitaki maswali.

Spider-Man: Brand New Day, 31 Julai. Nina imani nayo kidogo kwa sababu ya walipoishia 2021: dunia nzima imemsahau Peter Parker, hata mpenzi wake anamuuzia kahawa hamjui. Kufa kwa namna hiyo hakufutiki kwa barakoa. Naomba wasimrudishie kumbukumbu dakika ya kumi.

The Odyssey ya Nolan, 17 Julai. Hii ndiyo naingoja kuliko zote. Matt Damon ndiye Odysseus, Lupita wetu yumo, na wanasema kaipiga yote kwa kamera za IMAX za mkanda wa filamu wenyewe. Kuna tiketi za maonyesho ya IMAX zilizouzwa mwaka mzima kabla. Wengine mnaona ni mambo ya Wagiriki na mashuka mabegani. Mimi naona muvi ya banda kabisa: mfalme kaenda vitani miaka kumi, njiani kurudi miaka kumi mingine, nyumbani wanajua kafa, wanaume wamejaa sebuleni wanakula ng'ombe wake wakimtongoza mkewe. Anarudi kwa sura ya ombaomba. Kwenye utenzi wa Homer wa kwanza kumtambua ni mbwa wake mzee aliyelala kwenye mbolea. Anatikisa mkia, hana nguvu ya kunyanyuka, anakufa. Na Odysseus hawezi hata kumpapasa maana atajulikana. Nolan akiruka huyo mbwa mimi na yeye basi.

Ramayana, Diwali. Ranbir Kapoor ndiye Rama, Yash ndiye Ravana, mwongozaji ni Nitesh Tiwari aliyetupa Dangal. Hii namwachia Bint Vuga.

Toy Story 5 sitii neno. Ya tatu ilinitosha.

#6 Dada Mkubwa

Nilikuwa napita tu, lakini hapa pa steringi kufa kweli nimeshindwa kupita.

Kwangu mimi steringi alikufa tarehe 7 Aprili 2012. Kanumba, miaka 28. Nilikuwa sekondari bweni, hatukuwa na simu, habari ilikuja na mpishi asubuhi kwenye foleni ya uji. Tulidhani ni muvi mpya. Mwenzangu mmoja akauliza, "Inaitwaje?" Leaders Club siku ya kuaga niliiona baadaye kwenye runinga, watu wanazimia, na mimi nikawa natafuta kwenye umati yule adui wake wa kwenye muvi, eti nione kama analia. Alikuwa analia.

Baada ya hapo muvi zake ziliendelea kuuzwa pale pale na bei ile ile. Unamwona anacheka, anagombana na mkwe, na wewe unajua. Hakuna mwongozaji duniani anaweza kukupa hicho kitu.

Ndiyo maana mimi Black Panther ya pili, ya 2022, niliwavulia kofia. Chadwick Boseman alifariki 28 Agosti 2020, hatukujua hata anaumwa. Wangeweza kumvisha mwingine ile nguo nyeusi. Hawakufanya. Ile nembo ya Marvel mwanzoni ikapita na picha zake tu, muziki hakuna. Ukumbi mzima watu wanasikia mtu anafungua pipi.

Kwa hiyo Doomsday mimi sina hamu. Kama mliweza kunyamaza 2022, mngenyamaza na sasa.

#7 Chuma Chakavu

Dada Mkubwa umeniharibia jioni. Hiyo ya foleni ya uji nimeiona kabisa.

Niwarudishe kwenye uhai kidogo. Bruce Lee alifariki 20 Julai 1973, Enter the Dragon ikatoka Agosti, mwenyewe hakuiona ukumbini. Halafu 1978 wakatoa Game of Death wakiwa na vipande vyake vichache vya ngumi, kwingine wamejaza watu wa kufanana naye, miwani mikubwa, ndevu za kubandika. Na wakatia mpaka picha za mazishi yake ya kweli. Kwa hiyo kuamsha wafu hakukuanza na Marvel. Sisi banda letu lilishangilia kila alipotokea yule wa bandia, hakuna aliyegundua, labda kwa sababu ya vumbi kwenye deki.

#8 Bint Vuga

Kuhusu Ramayana nimeshawaambia wa nyumbani, Diwali nisitafutwe. Kaseti za mama za Ramayana ya zamani nimeziangalia hadi zimekatika, nataka nimwone Ravana wa kisasa.

Lakini mbona hakuna aliyetaja Dune ya tatu? Nayo ni 18 Desemba, siku moja na hao Doomsday. Mie n'kwenda Dune, nyie nendeni kwa watu wenu wa mawe.

Kuna raha moja ya Dune watu wa pwani tunaipata peke yetu. Wakati steringi wake, Paul, anaitwa Lisan al-Gaib, wazungu ukumbini wanangoja kufasiriwa, sie tunaelewa hapo hapo: lisani ni ulimi, ghaibu ni ghaibu. Mahdi twamjua. Na jina Muad'Dib, sikio langu lilisikia adabu, mwenye kutia watu adabu. Baadaye wanasema ni jina la panya wa jangwani, nikacheka peke yangu hadi nikatazamwa.

Na inaingia kwenye mada yako sawasawa, Mzee. Duncan wa Jason Momoa kauawa ya kwanza, 2021, kwenye ya tatu yumo tena. Ila aliyesoma kile kitabu cha pili anajua kwamba pale kurudi kwa maiti si zawadi. Wanamrudisha ili aje kuumiza. Na Paul mwenyewe, steringi wetu, kageuka mtu ambaye kwa jina lake wanauawa wasiohesabika. Hafi, na ingekuwa kheri. Mwongozaji Villeneuve akiifanya kama ilivyoandikwa, watu watatoka wamenuna.

#9 Jirani wa Likoni

Mzee wa Mkekani, watu wanapita tu na Dune na panya, na wewe ulisema una kisa cha mjomba wa Kagera. Tumengoja tangu mwanzo wa uzi. Ama mwenye video amezima deki?

#10 Mzee wa Mkekani

Haha, Jirani. Hapana, mafuta yapo.

Mjomba alikuwa jeshini, aliingia Kampala na wenzake Aprili 1979. Hilo ndilo pekee tunalolijua, na tumeambiwa na mama, si na yeye. Enzi za banda watoto wa mtaa walikuwa wanamwita Rambo akipita. Alikuwa hawajibu. Banda lenyewe hakukanyaga, ingawa lilikuwa nyumba ya nne kutoka kwake.

Mwaka mpya nilikwenda Morogoro na kompyuta yangu, nikamwambia mjomba, nimepata ile Rambo nzima, tutazame. Nilidhani atakataa. Akavuta stuli.

Ile sehemu ya mama anayeanika nguo, akasema, "Simamisha." Nikasimamisha. Akatoka uani, nikasikia bomba la maji linafunguliwa, likafungwa. Akarudi amenawa uso, akasema, "Endelea."

Katikati yote, risasi, helikopta, mitego ya miti, hakusema kitu. Kuna wakati nilidhani amesinzia. Rambo alipoanza kulia pale chini mimi ndiye niliyekuwa simtazami mjomba, natazama kitufe cha sauti. Ikaisha, majina yakapanda mpaka mwisho, hakunyanyuka.

Halafu akauliza, "Yule mama wa nguo, hawakumrudia tena?"

Nikamwambia hapana, ni pale mwanzo tu.

Akasema, "Wangemrudia."

Baadaye kwenye chai akaniuliza kama ninayo Sholay, kumbe aliiona zamani akiwa kambini. Ninayo, lakini ni ile yenye mwisho wa polisi. Bint Vuga, huo mwingine ukiupata nistue mara moja. Mzee ana miaka sabini na tatu na ameshaniuliza mara mbili.